Ratemo na Jicho la Gereji

"Ingia, tata! Ni hatua sita tu, ingia utenge—"

"Zima hiyo mlango kwanza. Nimesema zi—"

"—hatua sita! Hii ni gereji, sio nyumba. Gari haina bibi, gari haina kitanda—"

"—zima, Mogaka! Kitanda yako iko nyuma ya ukuta. Hapa nilipo nasikia mpaka sufuria ikichemka!"

Ni Ijumaa saa nane mchana, Kebirigo. Wanaume wawili wamesimama uso kwa uso, mmoja ndani ya gereji, mwingine nje. Kati ya vidole vya miguu yao kuna mstari wa chokaa. Juu ya mstari huo kumelala shina la mgomba lililokatwa vipande viwili, na maji yake yanatiririka polepole kwenye saruji.

Aliyelikata hasemi kitu. Ananing'inia juu ya vichwa vyao akiwa amepakwa rangi ya kijani, ametulia kama hajafanya kosa. Ni mlango wa chuma, mzito kushinda magunia mawili ya mahindi, unaopanda na kushuka kwa stima ya jenereta.

Dakika kumi zilizopita mlango huo ulitakiwa ushuke, ulione shina la mgomba, usimame, kisha urudi juu. Hiyo ndiyo kazi anayolipwa Jeconia Ratemo, kuhakikisha kwamba mlango unaona.

Ulishuka. Haukuona.

"Hii mgomba nimeikata urefu wa Bochaberi akiwa ameketi," anasema Ratemo, akinyoosha mkono wake wa kushoto wenye vidole vitatu.

Mogaka anatazama kando.

Bochaberi ni binti wa Mogaka, ana miaka miwili. Kiti anachokipenda kuliko vyote duniani ni hapo hapo kwenye mstari wa chokaa, kwa sababu jua la mchana linafika hapo na saruji inapata joto.

Ratemo ana miaka hamsini na tatu. Ni mwembamba, koti lake lina mifuko minne na kila mfuko una kitambaa. Mogaka, jina lake la kanisani Benard, ni mtoto wa marehemu kaka yake. Ana malori mawili ya kubeba ndizi na mbao mpaka Kisumu. Kwa hesabu ya Kikisii, mtoto wa kaka yako ni mtoto wako. Ndiyo maana tajiri anamwita kibarua wake "tata," yaani baba, hata akiwa amekasirika mpaka shingo imevimba.

Na ndiyo maana kibarua hawezi kuvuka mstari.

Heshima hiyo wanaiita chinsoni. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Atakula nje, atakaa nje, na jambo likimleta atapiga kelele akiwa nje. Mke wa mwanawe atamsalimia, lakini hawawezi kuketi wapige porojo kama watu wa rika moja. Mambo hayo kila mtu hapa anayajua tangu akinyonya, na kwa miaka mingi hayakumsumbua mtu. Nyumba ilikuwa nyumba na uwanja ulikuwa uwanja.

Halafu Mogaka akajenga.

Nyumba yake ilimalizika mwaka jana, 1976. Ni ya mawe, ina vigae vyekundu, na gereji yake imeungana na jiko chini ya paa moja. Ramani ilichorwa Kisumu. Mogaka alikuwa akiwaambia wageni wake sentensi moja, tena kwa sauti ile ile: "Mvua inyeshe mpaka ichoke, mimi nashuka kwa gari naingia jikoni, hata kola haijui."

Mlango aliununua kwa mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao kutoka Kericho. Ulikuja juu ya lori pamoja na mota, minyororo, sanduku la chuma na macho mawili yaliyofungwa kwenye blanketi kama watoto mapacha.

Macho hayo ndiyo yaliyomtoa Ratemo kwenye majani chai yake kule Gesima.

Kusema kweli jicho ni moja. La upande wa kushoto ni taa ndogo, haizidi punje ya hindi. Inatupa mwanga mwembamba mpaka upande wa kulia, na huko ndiko kuna jicho lenyewe, linalokaa likiutazama mwanga huo siku nzima. Mtu, mbuzi au kuku akipita katikati, mwanga unakatika, jicho linaambia sanduku, sanduku linaambia mota, na mlango unarudi juu.

"Ni kazi ya kutazama tu," anasema Ratemo. "Lakini hata wewe, nikikupulizia unga kwa macho, utatazama nini?"

Kebirigo nzima hakukuwa na mtu aliyeelewa kitu hicho. Ratemo alikielewa siku ya kwanza, kwa sababu alikuwa amekiosha kwa miaka minane mahali pengine kabisa.

Kuanzia 1961 mpaka 1969 alifanya kazi kwenye gari la sinema la serikali. Walizunguka Birongo, Gesima na masoko yote ya katikati wakionyesha wakulima jinsi ya kupanda chai na kuogesha ng'ombe. Alianza kwa shilingi tisini kwa mwezi, akamaliza kwa mia na arobaini.

"Watu hawajui sauti ya sinema inatoka wapi," anasema, na hapo uso wake unafunguka kidogo kwa mara ya kwanza leo. "Pembeni ya filamu kuna mstari mwembamba. Taa ndogo inapita kwa huo mstari, na jicho dogo linasoma. Jicho likishika vumbi, bwana shamba anafungua mdomo hakuna neno. Gesima siku moja wazee walisimama wakaanza kumwombea. Walisema amerogwa huko huko ndani ya kitambaa cha sinema."

Alitoa kitambaa chake, akapangusa, na bwana shamba akapona.

Vidole viwili vilibaki Birongo, mwaka wa 1966. Mfuniko wa chuma wa nyuma ya lile gari ulikuwa na ndoano ya kuuzuia usianguke. Dereva alikuwa mtu wa haraka, na ndoano ilikuwa inamchelewesha, kwa hiyo akaifunga pembeni kwa waya. Hakumwambia mtu. Ratemo aliweka mkono pale anapouweka kila siku.

"Hakuwa mtu mbaya," anasema. "Alilia kuliko mimi."

Kazi ya gereji inamlipa shilingi mia na ishirini kwa mwezi na chakula cha mchana, ambacho anakila juu ya kigoda chake nje, mgongo ukiwa umeegemea ukuta. Siku ya kwanza alichora mstari wa chokaa kwa mkono wake mwenyewe, pale mlango unapogusa chini. Kutoka hapo kuja huku ni uwanja. Kutoka hapo kwenda kule ni nyumba ya mwana.

Macho yote mawili yako kwenye miimo ya mlango, kwa hiyo anayafikia akiwa nje. Anapiga magoti, anaingiza mkono lakini haingizi mguu. Kila asubuhi isipokuwa Sabato anapangusa vioo kwa kitambaa cha shuka kuukuu, anaondoa utando wa buibui, halafu anavuta uzi kutoka mwimo huu mpaka ule kuhakikisha taa na jicho bado vinatazamana. Yule mhandisi alikuwa ameyafunga usawa wa kiuno, kwa ajili ya gari. Ratemo aliyashusha mpaka shibiri moja na nusu kutoka chini. Hakuna aliyemwambia. Ilikuwa wiki ambayo Bochaberi alianza kutembea.

Kitu kimoja tu hakifikii. Sanduku la chuma, ambalo ndilo akili ya mlango, liko ukuta wa ndani kabisa karibu na mlango wa jikoni. Hatua sita. Swichi ya kufungua na kufunga iko hapo hapo.

Kwa hiyo kila Ijumaa kabla ya Sabato, Ratemo anakata shina la mgomba, analisimamisha juu ya mstari, kisha anaita, "Bochaberi, mwambie mama abonyeze."

Ndani ya jiko, Orpah Kwamboka, mke wa Mogaka, anasikia vizuri tu. Anajibu, "Bochaberi, mwambie sokoro nimebonyeza." Sokoro ni babu. Bochaberi, aliye katikati yao na kidole mdomoni, anasema, "Ee." Mkwe na mkaza mwana wamefanya kazi hivyo kwa mwaka mzima bila kukosana hata mara moja, na mjumbe wao hajawahi kupeleka hata neno moja.

Leo Orpah alibonyeza. Shina likakatika. Kilichofuata ni ule ugomvi.

"Ijumaa iliyopita ilisimama?" anauliza Mogaka. Sauti imeshuka sasa.

"Ijumaa iliyopita jenereta haikuwa na mafuta. Sikupima." Ratemo anatazama lile shina. "Lakini nimepangusa kila siku. Hata leo. Kioo ni safi, uzi umenyooka, taa inawaka. Ugonjwa uko kwa sanduku. Nani amefungua sanduku?"

Kuku mmoja anaingia gerejini, anatazama juu kwenye mlango, anatoka.

"Mogaka. Nani amefungua sanduku?"

Tajiri wa malori mawili anaikuna shingo yake. "Ilikuwa Jumanne ya wiki ile ingine, tata. Nilikuwa nachelewa Kisumu. Nafunga, inarudi. Nafunga, inarudi. Labda ilikuwa mdudu, labda ilikuwa jani, mimi sijui. Nikafungua sanduku nikaona kale ka-ulimi ka shaba kanachezacheza. Nikakafunga tu. Kidogo tu."

"Ukakafunga na nini?"

"Waya."

Ratemo anaketi kwenye kigoda chake kama mtu aliyevutwa miguu. Mkono wa vidole vitatu anauficha kwapani.

Siku kumi. Kila asubuhi kwa siku kumi alikuwa akipiga magoti kupangusa jicho ambalo lilikuwa likiona kila kitu na halina wa kumwambia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, tata? Nikuambie kazi yako inanisumbua? Wewe ni mzazi."

Hapo ndipo jambo lilipokwama. Anayejua sanduku hawezi kulifikia. Anayelifikia halijui. Na mwenye kosa alinyamaza kwa heshima.

Saa inakimbia pia. Ratemo ni shemasi wa Kiadventista, na jua likitua hagusi kifaa mpaka litue tena kesho. Na kesho ndiyo siku yenyewe ya hatari. Mogaka amealika mchungaji na watu wa biashara kutoka Kisii kwa chakula cha Sabato, waje wauone mlango. Watoto wa soko lote nao hawaalikwi, wanakuja. Baada ya ibada wanajaa hapo uwanjani wakiwa na viatu vyao vya kanisani, mmoja anapenya mpaka kwenye swichi, mlango unaanza kushuka, na wengine wanapita chini mbio mbio wakipiga kelele, wa mwisho akijisifu. Mwaka mzima wamecheza hivyo na hakuna aliyeumia, kwa sababu jicho lilikuwa linafanya kazi.

"Basi ni rahisi," anasema Mogaka. "Nitoe waya."

"Ukitoa wewe utavunja. Mwambie mokamwana atoe."

Mokamwana ni mke wa mwana, kwa hiyo Orpah anatokea gerejini, kitambaa kichwani, mikono bado na unga. Ana miaka ishirini na saba, na kabla ya kuolewa alikuwa akishona sare za shule Keroka. Hamtazami mkwewe. Anafungua sanduku.

"Bochaberi," anasema Ratemo, akiangalia ukuta, "mwambie mama atoe waya polepole. Asivute ulimi."

Waya unatoka. Wanasimamisha kipande cha mgomba, Orpah anabonyeza.

Mlango unashuka na kukifinya kipande hicho mpaka kinatoa povu.

"Bochaberi, mwambie sokoro ulimi umepinda."

"Mwambie mama aurudishe kidogo. Upana wa karatasi."

Orpah anatoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa, anaurudisha. Kipande cha tatu kinakatika. Anaurudisha tena, na mara hii mlango haushuki kabisa, unanguruma tu kama ng'ombe aliyefungiwa. Anaupeleka mbele kidogo, na kipande cha nne kinakatika.

"Umezidisha! Sio hivyo, ni—" Ratemo amesimama, mkono umenyooka mbele, vidole vitatu vinapinda hewa. Ameshafanya kazi hiyo mara mia kwenye gari la sinema. Vidole vyake vinaijua, mdomo wake hauijui. "Ni kama... ukikagusa unasikia kanakataa kidogo. Halafu kanakubali. Hapo."

"Kanakataa aje?" anauliza Orpah, na kwa haraka amesahau kumpitisha mtoto. Anafunika mdomo.

"Ingia, tata," anasema Mogaka, sasa anasihi. "Nani anaona?"

"Mimi naona. Kanisani naingia mlango mmoja na mokamwana, sina shida. Lakini nyumba ni nyumba. Leo nikiingia kwa sababu ya sanduku, kesho nitaingia kwa sababu ya chai."

"Basi niite fundi wa Kisumu."

"Ulimwita mwaka jana. Shilingi mia tatu, na alikuja baada ya wiki tatu. Akasema kazi yangu ni safi, akala kuku, akaenda. Kesho iko karibu kuliko Kisumu."

Saa kumi na moja na nusu migomba imekwisha ile ya karibu. Jua limeshika vilele vya mikaratusi upande wa pili wa soko. Ratemo anasema basi, zimeni swichi kubwa, mlango ulale mpaka Jumapili. Mogaka anakataa. Anasema mchungaji ameshaambiwa. Anasema yeye mwenyewe atasimama kwenye swichi awafukuze watoto.

"Mpaka saa ngapi? Na ukienda kumpokea mgeni?"

"Nitaweka mtu."

"Uliweka waya," anasema Ratemo.

Halafu anafanya kitu ambacho hajafanya mwaka mzima. Anainua kigoda chake, anakiweka juu kabisa ya mstari wa chokaa, chini ya ule mlango, na anaketi hapo. Miguu iko nje. Kichwa kiko sawasawa mahali ambapo chuma kinashukia.

"Sijaingia," anasema. "Na sitoki."

Mogaka anamtazama. Anatazama mlango. Mkono wake uko mbali na swichi, lakini anaurudisha nyuma zaidi, anauweka mfukoni. Jenereta inakohoa nyuma ya nyumba.

Kisha kinasikika kitu kama tawi kavu likivunjika. Orpah amevuta swichi kubwa chini. Hakuna aliyemtuma. Anajifuta mikono kwenye kanga na kurudi jikoni.

Jua linatua saa kumi na mbili na dakika arobaini. Mlango umebaki juu. Mogaka na Ratemo wamesimamisha nguzo mbili za mkaratusi kuushikilia, wamefanya kazi bega kwa bega, mmoja upande wake wa mstari na mwingine upande wake.

Sabato ilipita kama Sabato ya watu waliogombana. Mchungaji alikula vizuri, akauliza habari ya mlango, akaambiwa unapumzika kama viumbe wote. Watoto walikuja, wakazikuta nguzo, wakahuzunika. Ratemo alikaa juu ya kigoda tangu saa sita mpaka jioni akiwatazama mmoja mmoja. Shemasi mwenzake alimuuliza kama hiyo sio kazi. "Kuketi sio kazi," alijibu. "Uliza bibi yangu."

Lakini nguzo mbili si dawa. Mvua kubwa zimeanza, mlango ukikaa wazi maji yanaingia mpaka kwenye magurudumu, na Mogaka amesema wazi kwamba Jumatatu atawasha, jicho liwe zima au lisiwe. Ratemo naye amesema Jumatatu hiyo hiyo ataweka kigoda pale pale.

Ndiyo maana leo Jumapili asubuhi kuna benchi mbili za kanisa uwanjani. Wazee watatu wa ukoo wameitwa waamue swali ambalo hakuna mzee aliyewahi kuulizwa: gereji ni nyumba, au sio nyumba?

Mkubwa wao anaitwa Nyamweya. Amepita themanini. Yeye ni babu kwa Mogaka, na babu hafungwi na chinsoni, kwa hiyo anaingia gerejini bila wasiwasi, anapiga gari teke dogo, anafungua mlango wa jikoni, anafunua sufuria, anafunika, na kurudi.

"Sanduku umeliona?" anauliza Mogaka.

"Nimeona viazi," anasema Nyamweya.

Wanaanza. Mzee mmoja anasema nyumba ni mahali pa kulala. Mwenzake anamkumbusha kwamba Mogaka amelala kwenye gari mara mbili mwaka huu, na sababu inajulikana. Watu wanacheka, Mogaka hacheki. Wa kwanza anasema nyumba ni mahali pa moto. Anaambiwa gari nalo lina moto, ukifungua boneti. Mogaka anasema basi malori yake ni nyumba mbili. Inakaribia kuwa mchezo, na Ratemo, aliyekaa pembeni na kigoda chake, anasugua visiki vya vidole visivyokuwepo.

"Wazee wangu," anasema ghafla, "mimi sishindani. Mkisema ni nyumba, ni nyumba. Nataka kitu kimoja tu katika hii dunia. Nishike hilo sanduku na mkono wangu mara moja. Nikanyooshe kale kaulimi, nifunge mlango wake, nifunge na kufuli, nitoke. Basi. Nirudi Gesima nichume chai, nilale. Siku hizi silali."

Bochaberi amemkimbilia. Nguzo hazimsumbui, amepita katikati yake na kuketi juu ya mstari wa chokaa, pale penye joto. Kila mtu anautazama mlango juu yake, ingawa umezimwa, ingawa una nguzo mbili.

Nyamweya anagonga fimbo. Anamuuliza Mogaka, "Mvua ikinyesha, ukishuka kwa gari ukaenda jikoni, unalowa?"

Hilo Mogaka analijua kwa moyo. Anajibu kabla hajafikiri, kwa sauti ile ile ya kuwaambia wageni. "Inyeshe mpaka ichoke, sokoro, hata kola haijui!"

"Hulowi?"

"Hata tone."

"Basi ni nyumba," anasema Nyamweya. "Mahali unapotoka kwenda jikoni bila kulowa, hapo ni ndani ya nyumba. Ratemo asiingie. Imekwisha."

Ratemo anatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa dawa chungu aliyoijua. Wazee wanaanza kuulizia uji.

Orpah amesimama kwenye mlango wa jikoni. Hakuna aliyemwona akija.

"Bochaberi," anasema, "mwambie sokoro..."

Mtoto anageuka, kidole mdomoni.

Orpah anatikisa kichwa. Anavuka gereji mpaka karibu na mstari, anamwinua mtoto kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe anamtazama mkwewe usoni mbele za watu.

"Tata, Jumanne hii iliyopita nilibonyeza. Nilikuwa nasonga ugali, nikanyoosha mkono nikabonyeza, sikuangalia. Mbona niangalie? Jicho iko, tata anapangusa kila siku. Huyu alikuwa ameketi hapa." Anaelekeza kidole kwenye mstari wa chokaa. "Aliona kuku akamfuata. Mlango ikashuka nyuma yake, ikafunga nguo. Nilikata nguo na kisu. Sikuambia mtu. Nilifikiri ni mimi."

Mogaka ameketi kwenye benchi ya wazee bila kukaribishwa.

Nyamweya anaanza kusema jambo, lakini Orpah amegeukia upande wake. Anainua mkono wenye unga, anaonyesha juu, pale gereji inapokutana na jiko chini ya vigae vyekundu vilivyotoka Kisumu.

"Sokoro, umesema ni mvua. Basi naomba. Waambie hawa wanaume walete ngazi, watoe vigae hapo katikati, wakate na mbao, leo hii. Mimi nitakuwa nalowa nikienda jikoni. Mvua ipite hapo, tata aingie."